Kikorogeo

Kitabu cha mwaka wa kwanza kilisema:
kichocheo huingia, huharakisha,
hutoka kama kilivyoingia.
Profesa Etelka Bodrogi aliusoma mstari huo kwa sauti,
akaufunika kwa kidole chenye kovu la asidi:
"Aliyeandika haya hajawahi kuosha vyombo."

Mwosha vyombo nilikuwa mimi.

Veszprém, majira ya baridi. Saa kumi na mbili alfajiri
napanda kutoka bondeni, koti la marehemu baba mabegani,
upepo unanisukuma kama mdai,
namkuta keshafika, au hakwenda kwake kabisa,
mbele ya sanduku la kioo lililojaa agoni,
mikono imezama kwenye glavu nyeusi hadi viwikoni,
mkunga wa kitu kisichotaka kuzaliwa.

"Chuma kiwe mshenga," aliwaambia wanafunzi.
"Hidrojeni hana haja na yule, yule hana haja naye.
Mshenga huwashika mikono, huwaketisha,
na kabla supu ya harusi haijapakuliwa
keshafika nyumba ya pili."
Alitaka chuma tu, cha misumari, cha reli,
kifanye kazi ya paladi
inayopimwa kama machozi ya tajiri.

Miaka kumi na mmoja.
Kahawia. Tope. Kahawia.
Mumewe, Ottmár, alihama na piano yake
ikabaki mibonyeo mitatu kwenye zulia.

Kisha Machi moja, chupa ya nane, wekundu ukawa kijani,
na kalamu ya mashine ikapanda, ikapanda:
tisini na nne kwa mia.
Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta,
akaivaa,
akaivua tena.

Makala ikatoka. Zikaja barua, mialiko, stempu za kila rangi.
Na barua moja fupi ya binti mmoja wa Torino:
*Tumerudia mara sita. Hakuna kitu.*

Angeweza kusema: ni maji yenu, ni hewa yenu, ni mikono yenu.
Wangapi husema hivyo, wakalala?
Yeye alirudia mwenyewe kwa vyombo vipya.
Kimya.
Kwa vyombo vya zamani: tisini na nne.
Siku tisa akavipima kimoja kimoja
mpaka akafika kwenye kikorogeo,
kisumaku chenye ganda jeupe, kidogo kama jino la mtoto,
mkwaruzo mmoja ubavuni,
na ndani ya mkwaruzo, weusi.
Paladi. Haifiki hata chumvi ya kuonja.

Nilikijua. Kilitoka chumba cha kumi na nne, kwa Dokta Keve.
Ilikuwa Ijumaa, basi linaondoka saa kumi na moja,
nikakisuuza kwa maji matupu
nikakitupa kwenye droo yetu.

Aliliandikia jarida mistari minne.
*Nilikosea. Si chuma.*
Hakuandika: fundi wangu.
Jioni alisimama mlangoni pa sinki, nami nimegeuka ukutani.
"Vendel, asidi ya kuoshea imebaki kiasi gani?"
"Nusu chupa."
"Agiza nyingine."
Basi. Mpaka leo, basi.

Ruzuku ikakatika. Wanafunzi wakahamia kwa Keve.
Miaka kumi na minne akafundisha mwaka wa kwanza,
na usiku, chuma:
asilimia tatu, asilimia saba.
"Saba yangu," alisema, akaiandika kwa wino.

Wewe kitabu, hutoka kama kilivyoingia?
Nilimwona akitoka siku ya kustaafu
na sanduku la viatu mkononi,
mgongo umepinda kwa upande wa glavu.
Nami niliingia kijana wa kuwahi basi.
Tangu Ijumaa ile sijasuuza hata kikombe mara moja.

Alipofariki nililetewa bahasha, haina neno.
Ndani, jino lile jeupe.

Liko dirishani. Juzi sindano ya mke wangu
ilipotea kwenye zulia, tukapapasa magotini, wazee wawili,
nikakumbuka, nikalipitisha polepole
juu ya manyoya.
Tik.
Chuma kimeshika.